Vita vya Minara Minne na Kabati la Viatu

Saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi, kabati la viatu lilikuwa limesimama koridoni, mahali pa baiskeli. Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mlioketi nyuma acheni kunong'ona, msikie habari za siku ile kama zilivyothibitishwa na mashahidi wawili na saa moja ya mkononi. Maana lisilo na shahidi halimo humu.

Shujaa ni Bwana Dakika, mpanga ratiba za treni kwa miaka thelathini na mmoja, mstaafu asiyestaafu, ndiye yule aliyewahi kuizuia treni nzima isiingie stesheni kwa kosa la kuwahi. Baiskeli yake nyeusi, nzito kama dhamana, yenye kengele iliyokohoa badala ya kulia, aliiita Bi Mkubwa. Mkewe aliiita mke mwenzangu. Mwezi uliotangulia Bi Mkubwa alimbwaga Bwana Dakika mtaroni, goti likavimba kama boga, na asubuhi ile mke akatoa hukumu.

"Mume wangu, mtaro umekurudisha mara moja; mara ya pili utakubakiza. Zunguka minara minne ya taa ya ziwa hili kwa siku moja, na kila mlinzi akutilie saini. Ukishindwa, mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kesho asubuhi. Ukishinda, nitaliburuta kabati langu litoke mahali pake kwa mikono yangu hii."

Sheria ya minara ni fupi: saini hutiwa juu, katika chumba cha taa, na taa ikishawashwa mgeni hapandi. Taa huwashwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni.

Shahidi wa safari aliteuliwa shemeji, mdogo wake mke, fundi cherehani, mtu wa mkasi mfukoni na neno mdomoni, aliyepanda baiskeli ya kuazima yenye kiti kifupi hata magoti yakamgusa kidevu. Kabla ya kutoka, Bwana Dakika alitenda kosa ambalo ni mpanga ratiba tu awezaye kulitenda: aliandika saa za kufika kila mnara, kwa wino, upande wa ndani wa jalada gumu la daftari lake. Kwake yeye, wino haukuwa kumbukumbu. Ulikuwa amri.

Basi wakatoka, ziwa mkono wa kushoto, upepo usoni. Mnara wa kwanza uliangushwa saa mbili na dakika kumi, kama ulivyoandikwa. Wa pili saa tano kamili, ngazi tisini, saini safi. Fundi cherehani husema kwamba mawimbi yalisimama kuwapigia saluti; jambo hilo halijathibitishwa.

Mnara wa tatu waliufikia saa tisa na dakika tisa. Mlango ulikuwa wazi, mlinzi kizingitini akimenya chungwa. Bwana Dakika alishuka, akaegemeza Bi Mkubwa ukutani, akakunja mikono.

"Shemeji, ingia basi," fundi akasema.

"Sijafika."

"Umesimama hapa! Nakuona!"

"Daftari linasema saa tisa na ishirini," akanena shujaa kwa sauti ya kutangazia abiria. "Kwa sasa mimi niko kilomita mbili nyuma, pale kwenye mteremko. Anayewahi ni mchelewaji aliyekosea upande."

Fundi akamgeukia mlinzi. "Unamwona mtu huyu?"

"Mimi nakula chungwa," akajibu mlinzi. "Msiniingize."

Zikapita dakika kumi na moja, zote nzima. Kisha shujaa akafika.

Saa kumi na dakika tano, kokoto yenye ncha ikamvizia Bi Mkubwa ubavuni, ikaipasua tairi ya nyuma mpasuko wa urefu wa kidole. Walitia kiraka katika mpira wa ndani. Mpira ukatokeza ulimi kupitia mpasuko, ukapasuka. Wakatia cha pili, ukapasuka tena. Wakaburuta, wakapumzisha goti, wakaburuta tena. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, kilikuwa kimebaki kiraka kimoja na kilomita saba, na mbele kabisa mnara wa nne ulionekana mdogo kama kipande cha chaki.

"Kiraka hakina kosa," fundi akasema, akiingiza kidole katika mpasuko. "Nguo ikichanika, unaitia kitambaa kigumu kwa ndani. Hapa panataka kitu kigumu."

Wakatazama mifukoni: leso, mkasi, ganda la chungwa. Kisha fundi akalitazama daftari.

"Hapana," akasema Bwana Dakika.

"Jalada tu. Saini ziko kwenye kurasa."

"Ratiba iko kwenye jalada!"

"Shemeji, ratiba inasema saa hii uko mnarani unapunga upepo. Je, uko mnarani?"

Bwana Dakika akatazama ziwa. Akatazama goti. Akalitoa daftari kama jemadari anayekabidhi upanga, akageuza uso asione. Mkasi ukalia mara nne. Jalada likaingia ndani ya tairi, wino na amri zake zote, kiraka cha mwisho kikakaa, pampu ikahema, na Bi Mkubwa akasimama kwa miguu yake miwili.

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja mtu huyu akasafiri pasipo ratiba, na kwa mujibu wa shahidi alikwenda mbio za mtu aliyeiba.

Walifika mnara wa nne saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mlinzi, mwanamama wa miwani minene, alikuwa juu tayari, na ngazi ni sitini na nne.

"Mama! Usiwashe!" fundi akapaza sauti kutoka chini. "Kuna mzee anapanda!"

"Meli haingoji magoti ya mtu!" ikajibu sauti. "Apande!"

Akapanda. Ngazi ya thelathini goti likatoa hotuba, hakuijibu. Alitokeza chumba cha taa akiwa na daftari lisilo na jalada, na kidole cha mlinzi kilikuwa kimekwisha kulala juu ya swichi. Mlinzi akakiondoa, akatwaa kalamu, akatia saini.

"Na saa? Niandike umefika saa ngapi?"

Bwana Dakika alishusha pumzi. "Andika hiyo unayoiona ukutani."

Akaandika: kumi na mbili na ishirini na nne. Dakika iliyofuata akabonyeza swichi, na mwanga ukafagia ziwa lote.

Shujaa akapiga simu nyumbani.

"Nne," akasema.

"Zote?"

"Zote. Mlinzi huyu hapa, muulize."

Mkewe hakuuliza. Ndani ya simu, saa kumi na mbili na dakika ishirini na saba jioni, likasikika kabati la viatu likiburutwa sakafuni.