Mtunza Jezi Aliyejifanya Jasusi

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha timu baada ya chai. Mwalimu (ndivyo tunavyomwita kocha wetu, mama mfupi mwenye sauti ya tarumbeta) hakutuficha kitu. Timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka kumi na saba imefika mashindano haya mara tatu, na mara tatu imetolewa hatua ya makundi. Safari ya kwanza tulifungwa hata na timu ambayo viatu vyake vilipotea uwanja wa ndege! Safari hii tumeshinda moja, tumepoteza moja. Alhamisi tunakutana na mabingwa watetezi. Tukipata sare tu, robo fainali. Haijapata kutokea.

Nahodha, ambaye wenzake wanamwita Shangazi kwa jinsi anavyokemea, akasema basi twendeni mazoezini, maneno hayafungi goli. Binti wa miaka kumi na sita! Nilijikuta nimesimama wima kama askari.

Na mimi je? Nafua, nakunja, natafuta soksi zilizopotea. Mkandaji wa timu, bwana wa mafuta na taulo, ameshatokea gazetini. Mimi hata kivuli changu hakijatokea. Nimeamua. Kesho nakwenda kuwapeleleza mabingwa. Mkandaji atanikoma.

Jumanne, 4 Juni

Ovaroli la bluu, kofia hadi kwenye nyusi, reki begani. Mlinzi wa uwanja wa mazoezi hata hakuniuliza. Balaa likawa msimamizi wa nyasi. Alinifokea kwa kuchelewa kazini, akanipa ndoo ya chokaa. Nimepaka mistari ya uwanja mzima! Duara la katikati lilitoka kama yai. Akanirudisha nikalipake upya.

Lakini nimeona mambo. Wanawake wenye jezi za njano, wakomavu mno kwa umri wao. (Udanganyifu?) Asubuhi nzima hawakugusa mpira! Wanakimbia, wanarudi kinyumenyume, wanageuka ghafla. Mbinu mpya kabisa. Mwishoni wakapiga penalti, zote kushoto kwa kipa. Zote! Nimerudi hotelini nikitembea kama bwana mkubwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimempa Mwalimu ripoti. Akauliza jezi zao zilikuwa rangi gani. Njano. Akauliza kama walikuwa na filimbi. Naam, kila mmoja shingoni. Akaketi. Akacheka mpaka akashika meza. Wale walikuwa marefa.

Halafu akaacha kucheka. Akauliza jezi za kesho ziko wapi.

Kwenye beseni! Nilikuwa nimeziloweka jana kabla sijatoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mabinti hawakunisema hata neno. Walipanga foleni bafuni: huyu anasugua, yule anasuuza, wengine wanakamua. Kipa wetu, Komeo, mwenye viganja kama sepetu, alikamua jezi moja mpaka nikaionea huruma. Shangazi akazipiga pasi sakafuni, juu ya taulo za mkandaji. (Faraja ndogo.) Ya mwisho akanipa mimi nikunje.

"Usilie, Mjomba," akasema. "Zimenyooka."

Sikuwa nalia. Sabuni iliniingia machoni.

Alhamisi, 6 Juni

Mabingwa walitufunga mapema. Goli zuri, nakiri kwa uchungu. Nikafumba macho nikingoja mvua ya magoli kama miaka ile. Haikunyesha! Mabinti wetu walikaba, wakaanguka, wakainuka. Shangazi alikemea kila mtu, nusura amkemee na refa. Kipindi cha pili akapokea kona kwa kichwa, nyavu zikacheka. Sare, moja kwa moja! Nilimkumbatia mkandaji. Sijui nini kilinipata.

Dakika za mwisho, penalti. Yao! Nikakumbuka utafiti wangu. Marefa au si marefa, utafiti ni utafiti. Nikapiga kelele kutoka benchi: "Kushoto! Komeo, kushoto!"

Komeo akaruka kulia. Akaudaka! Akaulalia kama mama anayemkinga mwanawe. Filimbi. Robo fainali, kwa mara ya kwanza tangu timu hii izaliwe.

Nikamwuliza Komeo kama alinisikia.

"Nilikusikia, Mjomba. Ndiyo maana nikaenda kulia."

Nikambusu kile kiganja cha sepetu. Watoto hawa! Nimefua jezi za watu wazima maisha yangu yote, sijapata kuona moyo kama huu.

Ijumaa, 7 Juni

Mwalimu ameniapisha mbele ya timu: ujasusi basi. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Baada ya chakula nikamkuta mtunza jezi wa wapinzani wetu wa robo fainali, ameketi peke yake na kahawa. Mtu mpole. Kuzungumza si ujasusi. Nikamnong'oneza uongo mtamu: Shangazi kaumia kifundo cha mguu, hachezi. Maskini, alimeza yote! Akanishukuru kwa mikono miwili. Kisha, kwa wema wake, akaninong'oneza siri yao: mshambuliaji wao hatari ana homa, hatoki kitandani, tusihangaike kumkaba.

Nakimbia kumwambia Mwalimu. Habari ni ya uhakika kabisa. Mtu anayekutazama machoni namna ile hawezi kusema uongo.