Dakika Kumi za Tangi Kubwa

Wananchi wote wa Kitengela, Isinya na vitongoji vyake wanaarifiwa kwamba Kamati ya Kuharakisha Dawa, ambayo mimi Mbugua ndimi katibu wake, imeshinda sayansi kwa kura saba dhidi ya moja.

Kura hiyo moja ilikuwa ya Naisula, mkemia wa kiwanda chetu. Alikuwa ametengeneza dawa ya kikohozi ya watoto kwenye chupa ya lita mbili, kwa dakika kumi, tamu kabisa. Sasa alitakiwa kuitengeneza kwenye tangi la lita elfu mbili. Akaomba muda wa saa sita.

"Dakika kumi ni dakika kumi," alifafanua Mkurugenzi Gakuru, "iwe Kitengela ama Embulbul."

"Mkurugenzi, tenki si chupa. Ukikoroga na hiyo speed, povu itajaa mpaka nje."

"Naisula, kwani ulisomea uoga? Kwa harusi ya Lemein, si tulichukua ugali ya watu kumi tukapikia watu mia tano?"

"Na katikati iliiva?"

Wote tulikuwa tumeula ugali ule. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba swali hilo liliahirishwa.

Ili kumtia moyo, Mkurugenzi alitoa Waraka Namba Tisa: atakayetia sahihi kuidhinisha dawa kisha iharibike, ataingia ndani ya tangi alisugue kwa mkono, na shahidi wake atamshikia ndoo. Asiyetaka kutia sahihi, kazi hana. Miezi sita ya majaribio ya Naisula ilikuwa inaisha Ijumaa hiyo, na mama yake huko Ewuaso Kedong alikuwa ameshatangazia kanisa zima kwamba mtoto ameandikwa kazi. Nilimhurumia sana, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Ijumaa, wageni wakiwa wameketi chini ya hema, Naisula alirudisha kalamu.

"Mimi siwezi saini. Watoto watakunywa hii kitu."

"Basi chukua mkoba wako uende!"

Mkurugenzi akatia sahihi mwenyewe, kwa mbwembwe, picha zikapigwa. Nami nikatia ya shahidi. Sijawahi kujiona mkubwa namna ile.

Akabonyeza kitufe. Dakika ya kwanza, makofi. Dakika ya tatu, tangi lilipiga chafya. Dakika ya nne, povu la waridi lilisukuma mfuniko, likashuka ngazi bila haraka, likafunika meza kuu pamoja na viatu vya mgeni wa heshima, afisa mkuu wa afya, kisha likatoka langoni. Mbuzi wa jirani yetu Mzee Ledama walilipokea kwa ndimi. Mzee mwenyewe alicheka hadi akakaa chini.

"Nani amesaini?" afisa aliuliza, akipangusa miwani.

Naisula, mkoba begani, alimsomea Waraka Namba Tisa polepole, pamoja na nambari yake.

"Huyu binti mwandikeni kazi leo," afisa akasema. "Na hiyo waraka ifuatwe."

Naandika kumbukumbu hizi nikiwa ndani ya tangi, ndoo mkononi. Mkurugenzi amepiga magoti, anasugua, na kila akiinuka suruali inabaki nyuma kidogo. Hivi punde Naisula amechungulia kutoka juu, koti jeupe, akitazama saa.

"Mkurugenzi, tulikubaliana dakika kumi, ama?"

"Naisula, mama, hii tenki ni kubwa," akajibu, na sauti ikazunguka ndani mara tatu. "Tupatie masaa sita."