Antena Nne Ndani ya Kisanduku cha Sabuni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Pa! Kofi moja. Bado nalisikia. Nilikuwa nimemaliza kuieleza ofisi nzima jinsi nitakavyobana antena nne ndani ya kisanduku cha sabuni, na katika ukimya uliofuata likalia kofi moja tu. Nikainamisha kichwa kushukuru. Kumbe Bosi Gregory alikuwa anaua mbu.

Ofisi yetu ya intaneti hapa Bariadi ina wahandisi wawili: mimi, na Nassib. Nassib ametoka Dar na miwani ya jua ambayo haivui hata ndani. Ghala la pamba la Dutwa linataka intaneti, ili uzito wa pamba ya kila mkulima ufike mjini hapo hapo. Kila mmoja wetu ametengeneza chombo chake. Jumamosi vinajaribiwa. Mshindi atakuwa mkuu wa usanifu. Atakayeshindwa atahamia Shishiyu, kupanda nguzo.

Mimi! Shahada ya daraja la kwanza, juu ya nguzo kama kunguru!

Chombo cha Nassib ni antena nane kwenye fremu pana kama lango la zizi. Yeye anakiita usanifu. Mimi nakiita kichanja cha kuanikia sufuria.

Jumanne, 10 Juni

Nimejaribu kisanduku nyumbani kwa Shangazi Domitila, ninakoishi. Kutoka sebuleni hadi jikoni. Kasi ya ajabu! Shangazi akauliza kwa nini nisitembee tu hadi jikoni. Nilimweleza kwamba antena nyingi hupokea habari kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, kama ng'ombe wanaoingia zizini kwa milango minne. Akauliza milango minne ya nini, hao ng'ombe wanafukuzwa na nani.

Ofisini Nassib alikikodolea macho kisanduku changu, kwa kadiri mtu anavyoweza kukodoa nyuma ya miwani ya giza. Akasema antena zinataka nafasi ya vidole vitatu kati yake; mimi nimeziachia kidole kimoja. Akasema zimebanana mno, zitakaa zinasengenyana zenyewe kwa zenyewe badala ya kuisikiliza Bariadi. Ofisi nzima ikacheka. Bosi alicheka mpaka akakohoa.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu! Kila mtu ameusoma ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana nimeweka vipande vya shaba katikati, ili antena zisisikilizane sana. Lakini unamwelezaje shaba mtu wa kichanja?

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Dutwa kimya kimya. Nilijifanya nimekuja kulipima paa. Mzee Bujiku, mwenyekiti wa ghala, alinipokea kwa "mwadila", salamu ndefu ya Kisukuma, na kiti chenye mto. Nikamwambia, kwa huruma nyingi, kwamba chombo cha mwenzangu si kibaya, ila ni kikubwa, na vyuma vikubwa huita radi. Changu je? Kama sabuni. Radi haiwezi hata kukiona.

Mzee aliitazama mbingu. Juni, wingu hata moja hakuna. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema radi ya kutumwa haina habari na mawingu. Shemeji yake wa Ngulyati aliondokewa na mafahali wawili katikati ya kiangazi, na aliyeituma anajulikana, hadi leo anasalimiwa kwa mbali. Wakulima waliokuwa wanashusha pamba kwenye baiskeli wakasogea kusikiliza.

Watu wa ajabu. Nimesomea mawimbi miaka minne, hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo. Nilirudi nikiimba.

Jumamosi, 14 Juni

Laana.

Nilipofika Dutwa, Nassib alikuwa ameshakaa na wazee, bakuli la uji mkononi. Walikuwa wamemwambia habari ya radi. Mjanja yule hakubisha! Aliwajibu kwamba wamesema kweli kabisa, baba zangu, na ndiyo maana nguzo yake ataisimika mbali, kule kwenye uzio. Radi ikitumwa itakuwa na pa kwenda, na pamba itabaki salama. Wazee wakapiga makofi. Makofi mengi! Mama Felisita wa jirani akaomba naye asimikiwe moja karibu na zizi lake.

Kisha Mzee Bujiku akatangaza kwamba hakuna chuma kitakachopanda juu ya paa la ghala tena. Ila kisanduku changu, kwa maneno yangu mwenyewe, hakina madhara. Kikapewa nafasi ya heshima: ndani, juu ya boriti, chini ya bati, nyuma ya pamba iliyojaa hadi darini.

Nilifungua mdomo niseme kwamba bati huzuia mawimbi, kwamba lazima kikae nje, juu. Juu! Nje! Wote wakanitazama. Nikaufunga.

Mzee Bujiku alipanda mwenyewe kwenye mzani. Kwa chombo cha Nassib, kilo zake zilifika mjini kabla hajashuka. Bosi, aliyeziona huko mjini, akapiga simu kumtania kwamba msimu umemkubali. Kwa changu, kiduara kilizunguka kwenye simu. Kikazunguka. Mzee akaniuliza, taratibu kabisa, ng'wanone, mwanangu, hicho kitu hakisikii kizunguzungu?

Nassib, kwa wema wake wa kuchukiza, akakitoa nje kukipa nafasi ya pili. Kiduara kikaendelea. Akasema kwa upole, vidole vitatu tu, dada. Dada!

Jumatatu, 16 Juni

Naenda Shishiyu. Bosi amesema ghala la huko limesikia habari za Dutwa na linataka nguzo tano za Nassib. Nitazisimamisha mimi. Nassib akanipa miwani yake ya jua, eti kule juu jua ni kali. Niliikataa mbele ya watu wote. Aliponipa kisogo nikaichukua mezani.

Shangazi amenifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mfuko mzima. Akasema pengine sasa nitatulia. Nitulie kwa lipi? Kosa nimeshaliona. Kisanduku kilikuwa kikubwa mno: ile nafasi ya ziada ndiyo iliyozipa antena uwanja wa kusengenyana. Leo asubuhi nimeshakata shaba mpya. Antena zote nne zinaingia kwenye kiberiti.

Na mwenyekiti wa ghala la Shishiyu nimeshampigia simu. Nimemwambia, kwa sauti ya masikitiko, kwamba nguzo ndefu huita radi.