Nyati kwa Ajili ya Msiba Wangu

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Tumemzika Mzee Gaudence, jirani yetu hapa Nkuhungu. Msiba mzuri. Seleman, mtani wetu wa Kinyamwezi, alitimiza wajibu wake: alivaa koti la marehemu, akakohoa kikohozi cha marehemu, akalalamika kuwa chai haina sukari, kama marehemu alivyolalamika maisha yake yote. Mjane alicheka hadi kanga ikamdondoka. Nami nilicheka. Kisha Seleman akaniinamia sikioni. "Mgogo, wewe nimeshakupangia. Nguchiro."

Sikucheka tena.

Maelezo kwa atakayelikuta daftari hili. Mwaka 1971, serikali ilipotuhamisha kutoka kijijini kwetu kwenda kijiji cha ujamaa, Seleman alikuwa utingo wa lori lililotubeba. Nguchiro mmoja, mdogo kuliko paka, alichomoka kwenye ghala la mtama. Nilikuwa na miaka ishirini. Nikarukia lori, nikamwacha mama chini na kuku wake wawili. Baba yangu, aliyewahi kuua nyati kwa gobori, aliendelea kupakia vibuyu. Kijiji kile sasa ni pori. Walioona wamekufa wote isipokuwa Seleman, na Seleman ndiye atakayeniigiza mbele ya jeneza langu.

Jumanne, 3 Septemba
Ufumbuzi umekuja nikinywa uji. Mtani huigiza jambo kubwa la marehemu. Nikiua nyati, nguchiro atasahauliwa. Hapa nchini watu wataniuliza maswali, kwa hiyo nitamuulia Namibia, ambako sifahamiki. Yudith, mke wangu, amenikumbusha kuwa kuku wa Pasaka alichinjwa na mchungaji, mgeni wetu, kwa sababu ghafla nilipata shughuli chooni. Nimemweleza kuwa kuku si nyati.

Alhamisi, 5 Septemba
Binti yangu Anitha, karani wa wizara huko Mtumba, ameiandikia kwa niaba yangu kampuni ya uwindaji ya Namibia. Wamejibu siku hiyo hiyo. Watu makini. Fomu ina kurasa nne. Bei iko ukurasa wa mwisho, sijafika huko. Penye uzoefu nimeandika: wa kurithi. Wanataka video inayonionyesha nimelala mafichoni nusu saa bila kutikisika. Anitha amesema, baba, wewe hata kanisani ukisinzia benchi zima linajua. Nimempuuza.

Jioni, kwenye kahawa, nimemwambia Seleman aanze kujifunza kushika bunduki, ataihitaji siku ya kunizika. Akauliza kama nyati ameshapewa taarifa. Kijiwe kizima kikacheka. Mtani hakasirikiwi. Nilikasirika kimya kimya.

Jumamosi, 7 Septemba
Makutupora, shamba la zabibu la shemeji yangu Nathanaeli. Wiki ya mavuno. Tumbili hushuka asubuhi kuiba zabibu, kwa hiyo wanyama wapo. Nimelala chini ya mizabibu, majani kofiani, mwiko wa ugali mkononi badala ya bunduki. (Yudith alininyima ufagio.) Anitha na simu yake, hatua kumi nyuma.

Dakika ishirini na sita: jiwe. Baba angejivunia.

Dakika ya ishirini na saba tumbili akaja akakaa mgongoni kwangu. Mzito kuliko nilivyodhani. Alikula taratibu, akinitemea maganda shingoni. Dakika ya ishirini na nane akataka kujua mna nini ndani ya sikio langu.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka pikapu mwishoni mwa shamba, kreti za zabibu, na mkono uliotoka juu ukanivuta. Mkono ule naujua tangu lori la 1971. Seleman alikuwa amekuja kuchukua zabibu za kuuza gengeni kwake.

Tulikaa juu ya kreti. Akanifuta maganda shingoni kwa kofia yake. "Mgogo," akasema, "miguu yako haijazeeka hata kidogo." Kisha akauliza kama wale kuku wa mama waliwahi kutaga kule alikotushusha. Miaka hamsini na mitatu hajawahi kuniuliza. Nikamwambia mmoja alitaga.

Jumatatu, 9 Septemba
Anitha aliituma video yote, hadi kwenye pikapu. Anasema sikumwambia akate mwisho. Kampuni imejibu kwa heshima kubwa: inanishauri nije kupiga picha tu, nikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Video anayo Seleman pia. Amekuwa akiifanyia mazoezi uani kwake. Jana aliruka, akaangukia goti. Limevimba. Nimempelekea dawa ya kuchua na kumweleza anakosea wapi: haanzi na mguu wa kulia.

Jumanne, 10 Septemba
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa langu. Kosa ni kuanza na mnyama mwenye mikono. Tena, Seleman asiponiona nikiua, ataigiza nini? Nilitaka kwenda peke yangu. Ulikuwa upungufu wa mipango. Tutakwenda wote, lakini si Namibia, kule wameshaniona. Tutakwenda Kanada, kuwinda dubu. Nasikia dubu ni mnyama mtulivu.

Seleman amekubali kwa sharti moja: gari liwepo karibu, na yeye akae juu yake, tayari kunipokea. Yudith ameuliza kama dubu hajui kupanda gari. Tumemwomba kalamu.

Tumejaza fomu mbili. Penye uzoefu, kila mmoja ameandika: miaka hamsini na mitatu.