Spiriti ya Mabua

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki ya tatu tangu kiwanda cha unga kinipunguze. Miaka kumi na moja nimepima magunia pale, wakaniaga kwa kalenda. Haidhuru! Leo nimepata wazo. Mabua! Mahindi yakishavunwa, mabua yanabaki yamesimama kama wajinga, na kumbe ndani mna sukari. Penye sukari pana spiriti, penye spiriti pana mafuta ya kuendeshea injini. Nimelisoma hilo kwenye gazeti lililofungiwa sabuni. Nusu ya pili ya ukurasa ilikuwa imechanika, lakini msingi nimeushika.

Mdogo wangu, fundi wa jenereta, alikuja mchana kumletea mama dawa ya mgongo. Mama akamsifu mbele ya mke wangu: eti ana mikono ya dhahabu. Nami nimekaa hapo hapo, mikono magotini. Tutaona.

Jumanne, 5 Agosti

Mabua yote tuliyonayo yako kichanjani nyuma ya zizi. Ni chakula cha ng'ombe wa mama mpaka mvua zinyeshe. Mke wangu akauliza ng'ombe atakula nini. Nikamjibu sayansi haingoji ng'ombe. Akarudi kwenye cherehani yake, akakanyaga kwa nguvu kuliko ile nguo ilivyohitaji.

Mama alikaa kwenye kigoda akitazama ninavyoyashusha. Ng'ombe huyo alimlea tangu ndama, mwaka ule baba alipofariki, na sasa ana mimba ya miezi minane. Akaniuliza kama nimebakisha japo kidogo. Nikamwahidi nitamkatia ng'ombe majani mabichi kila asubuhi, kule kijitoni. Akaitikia haya, mwanangu. Ile haya isiyo na kitu ndani.

Nimekatakata mpaka saa kumi. Malengelenge saba!

Alhamisi, 7 Agosti

Bua halitoi sukari kwa kubembelezwa. Dawa yake kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Nimejaza mapipa mawili maji, nikaimimina, nikatumbukiza mabua. Maji yakachemka bila moto! Tone moja likarukia kiatu. Kiatu sasa kina dirisha.

Nikampitia mwalimu wa kemia. Akasema kostiki inalainisha tu. Ili sukari itoke panatakiwa vimeng'enya maalumu, na hamira ya mikate haitafua dafu. Akaniasa nifunike mapipa kwa kitu kizito. Wivu! Miaka ishirini anafundisha, hajawahi kutengeneza hata kibatari. Nimefunika kwa gunia.

Majani ya ng'ombe: sikwenda. Jana pia. Analia zizini kwa sauti nene, kama mtu anayeburuta kabati.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya majaribio! Mabua ya pipa la kwanza niliyasuuza jana, nikayatia hamira. Yalipaswa kukaa siku tano, nimeyapa moja. Nikayachemsha kwenye sufuria kubwa ya mke wangu, mvuke ukapita kwenye bomba la shaba nililoazima kwa mdogo wangu. (Hakuwepo wakati naliazima.) Saa nne nzima. Nusu kikombe. Nikawasha kiberiti, nikakisogeza. Kikazimika. Cha pili. Cha kumi. Mke wangu akasema nimepata maji kwa njia ndefu.

Mdogo wangu akaja kufuata bomba lake. Laiti angecheka! Hakucheka. Alisimama penye zizi, akazihesabu mbavu za ng'ombe kwa macho, kisha akasema kwa upole kwamba kesho ataleta marobota mawili ya nyasi kavu. Damu ikanipanda. Nikamwambia ng'ombe wa nyumba hii analishwa na nyumba hii. Mama alikuwa mlangoni. Akarudi ndani.

Jumapili, 10 Agosti

Ng'ombe alikata kamba wakati tunakunywa chai. Alifuata mabua. Akalisukuma gunia, akatia kichwa kwenye pipa la pili. Tulisikia pipa likianguka.

Nilimkuta amepiga magoti. Ulimi mweupe, umevimba, ute unamtoka kama uzi. Mke wangu akakimbia kumwita daktari wa mifugo. Daktari akaliinamia pipa, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia. Hakunitazama tena. Akamwambia mama kilichobaki ni kumpunguzia mateso.

Mama alikuwa amekaa vumbini, kichwa cha ng'ombe mapajani, anampangusa kwa upindo wa nguo yake. Akaomba aachiwe kidogo amuage. Daktari akampa muda, kisha akamchoma sindano. Tumbo la ng'ombe liliendelea kucheza. Ndama. Baadaye nalo likatulia.

Nyama haikufaa kuliwa. Tumechimba shimo, mimi na mdogo wangu. Nikamwomba aniseme, anitukane, lolote. Akaniambia nishike sululu vizuri, nisije nikajiumiza.

Jumanne, 12 Agosti

Mama amehamia kwa mdogo wangu. Nilijiandaa kwa maneno, nikamwambia ajali haina kinga. Akanishika kiganja, pale penye malengelenge.

"Sina hasira na wewe, mwanangu. Nimechoka kukuogopa."

Kuniogopa! Mimi! Mke wangu anasema anamsindikiza tu, mpaka azoee. Lakini msindikizaji habebi cherehani.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nimefagia chumba cha mama. Chini ya kitanda nimeokota kitana chake, kimeshika mvi mbili tatu. Nikakaa nacho sakafuni. Nililia, nakiri, mpaka kwikwi ikanishika.

Halafu nikainua macho. Chumba kikavu! Madirisha mawili, mlango mpana, sakafu ya saruji. Nimekipima kwa hatua: sita kwa tano. Yanaenea mapipa manane bila kubanana, na jiko pale kilipokuwa kitanda. Na kule kwenye mashine ya kukoboa mpunga wanatupa maganda kila siku, vilima kwa vilima, wala maganda ya mpunga hayamtamanishi ng'ombe yeyote.

Kumbe kosa halikuwa langu. Lilikuwa la mabua.