Mwezi Katika Nyumba ya Kumi na Mbili

Jumamosi, 4 Oktoba

Vasudha amepata kazi Ujerumani. Unesi, katika mji ambao jina lake bado linanishinda kulitamka. Anaondoka Ijumaa ya tarehe 17, sikukuu ya Diwali ikiwa mlangoni. Aliniambia huku akikata vitunguu, kama mtu anayesema gesi imekwisha.

Nikampongeza. Kisha nikaingia bafuni nikawa namwaga maji ya ndoo ili asinisikie nikilia. Ndoo ikaisha kabla yangu.

Lakini mimi si mtu wa kulia tu. Mimi ni Ghanshyam Vyas, mnajimu, mtoto wa mnajimu, na ninalo sanduku la bati lililojaa ramani za nyota za watu wakubwa wa zamani: wafalme, malkia, wataalamu, hata wacheza mieleka. Nimezikusanya maisha yangu yote. Mtaani wananicheka kwamba nawajua wafu kuliko walio hai. Sawa. Sasa wafu watanisaidia.

Mpango: binti yangu alizaliwa na Mwezi katika nyumba ya kumi na mbili, nyumba ya ugenini na hasara. Nitawatafuta wakuu wote waliokuwa na Mwezi hapo hapo, nimwonyeshe walivyoishia. Ataogopa mwenyewe. Atabaki mwenyewe. Mimi sitakuwa nimemzuia kwa neno hata moja. Safi!

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku nzima kichwa ndani ya sanduku. Vumbi, chafya, mafanikio. Nimewapata wanne. Raja Udaybhan wa Sondgarh: Waingereza walimhamishia Burma, akafa akiomba maji ya mto wa kwao. Rani Hemkunwar: aliolewa mbali, mama yake hakumwona tena. Bhairo Singh wa mieleka: alikwenda Ulaya, akawabwaga wote, akafa kwa kichomi. Keshavdatt mwanahisabati: alisifiwa London yote, akauawa na baridi na chakula kisicho na chumvi. Nimewanakili kwa mwandiko wangu wa kadi za harusi. Vifo nimevitia wino mwekundu.

Jioni Vasudha alipandisha bakuli la wali wa maziwa juu ya paa, lipigwe na mwezi mpevu, kama ilivyo desturi ya usiku huu. Tulikaa pamoja tukautazama. Ulikuwa mzuri kupita kiasi. Nikauchukia.

Jumatano, 8 Oktoba

Janga. Nilimpa karatasi wakati wa chai. Akaisoma polepole mpaka chini. Nikangoja machozi. Akauliza kama kweli hawa wote walikuwa na Mwezi kama wake. Nikasema ndiyo, kwa bahati mbaya. Akasema hakujua kama yumo katika kundi la watu wazito namna hiyo, na akaomba karatasi akaibandike ukutani huko aendako.

Nikamwonyesha wino mwekundu. Akasema hata watu wa mtaa huu wanakufa, Baba, tena bila kumbwaga mtu yeyote. Halafu akauliza waliozaliwa na Mwezi huo wakabaki nyumbani wako wapi. Hawamo sandukuni. Hakuna anayetunza ramani ya mtu aliyebaki nyumbani.

"Mama alikuwa nao," akasema, akakusanya vikombe akaenda jikoni.

Ni kweli. Sulochana alikuwa na Mwezi hapo hapo. Tulipooana nilimtabiria safari ndefu ya kuvuka maji. Kila mwaka alinikumbusha, na kila mwaka nilimwambia Zohali haijakaa vizuri. Alitaka kuiona bahari, basi. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya hospitali kule Indore, na hakurudi. Siandiki zaidi leo.

Naandika tena. Vasudha amempelekea Mangilal Pandya ile karatasi! Mangilal, mwanafunzi mwenzangu wa zamani, mnajimu wa nyumba ya tatu kutoka hapa, mwenye kibao cha taa zinazowaka na kuzimika. Eti amesema kazi ni nzuri sana, na kwamba msichana mwenye Mwezi huo akikaa nyumbani ni dhambi ya mzazi. Taa zake zinanipiga machoni hata nikifunga dirisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mpango mpya. Kama Mwezi hautaki kuhama, basi ahame mtoto. Leo nimetangaza mbele ya familia, yaani Vasudha na dada yangu Rukma, kwamba nimegundua kosa kubwa: saa ya kuzaliwa iliandikwa vibaya. Vasudha alizaliwa baadaye kidogo. Kwa hiyo Mwezi unaingia nyumba ya kumi na moja, nyumba ya faida na marafiki, na mtu wa nyumba hiyo hustawi akikaa na watu wake.

Vasudha akanisikiliza kwa heshima. Dada Rukma akatema popoo. Akasema siku ile yeye ndiye aliyeshika miguu ya Sulochana, na mtoto alitoka wakati ule ule maji ya bomba yalipoanza kutoka uchochoroni, saa kumi na mbili kamili, na yeye hakukinga hata ndoo moja, na wifi zake wa mtaa walimsema mwezi mzima. Akaniuliza kama nataka kumwambia manispaa nayo ilikosea. Nikasema manispaa hukosea kila siku. Akasema siku hizi ndiyo, wakati ule hapana.

Mwezi umerudi nyumba ya kumi na mbili.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepata! Aibu tupu kwamba sikuona mapema. Ijumaa hakuna kusafiri kwenda magharibi. Kila mtoto wa hapa Ujjain anajua hilo. Na Ujerumani iko wapi? Magharibi! Nikamwambia kwa sauti ya huzuni, nikaongeza kwamba mkataba si kitu mbele ya uhai.

Safari hii aliingiwa na hofu. Niliiona usoni. Chakula alikiacha nusu. Alisema ndege haiwezi kubadilishwa, lakini mimi sijawahi kumdanganya katika mambo ya nyota, na kama nasema hapana hajui afanye nini. Nikafurahi. Kisha furaha ikanikaa kifuani kama tonge kubwa lisilopita, sikuelewa kwa nini.

Dada Rukma alinifuata barazani. Akasema, "Ghanshyam, mwambie tu nyumba itakuwa tupu na unaogopa. Maneno hayo yanakuuma nini?" Nikamjibu mnajimu hasihi, mnajimu anatabiri. Akasema hata punda wa dobi huomba majani. Akajifunika kichwa akaenda zake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mangilal tena! Vasudha alikwenda kumuuliza. Naye akamkumbusha desturi ambayo mimi nilikuwa naiombea isahaulike: kama siku ya safari ni mbaya, unatanguliza furushi. Unatoa kitu chako nyumbani katika siku njema, unakiweka kwa jirani, na nyota zinahesabu kwamba safari imeanza. Kesho yake unapita kukichukua, unaendelea. Mbele ya nyota Vasudha ameondoka leo, Alhamisi.

Ameondoka, na bado yuko jikoni anakaanga sev, zile tambi za dengu za Diwali, ili nisikose. Kibati baada ya kibati. Ameandika majina juu: ya pilipili, ya karafuu, ya wageni. Nimekaa nikimtazama mtu aliyekwisha kusafiri. Alinigeukia akauliza kama nitakumbuka kufunga vifuniko. Nikasema mimi si mtoto. Nikatoka nje.

Furushi liko chumba cha sala cha Mangilal, rafu ya juu. Kitambaa cha manjano. Nilimwona akilikabidhi. Na hapa ndipo akili yangu ilipoamka: furushi likirudi nyumbani kwetu kabla yeye hajalichukua, safari imevunjika! Hiyo ni sheria, hata Mangilal hawezi kubisha.

Na nimefunga mlango wa pili pia. Teksi yake ni ya saa tano asubuhi. Nimemwambia kesho saa ya Rahu, saa ya mkosi, inaanza saa nne na nusu mpaka saa sita, na katika saa hiyo asivuke kizingiti chochote. Akitoka saa sita ndege ya kutoka Indore itakuwa imemwacha. Akasema, "Sawa, Baba. Sitavuka." Mtoto mtiifu. Mama yake alimlea vizuri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Saa tatu na nusu nilikwenda kwa Mangilal, eti kutaka ubani. Mangilal alikuwa na wateja. Mkewe Kamla-bai, mwanamke mwema, akaniketisha na sahani ya poha, mchele bapa wa kukaanga, akaenda kuchukua maziwa mlangoni. Nikaingia chumba cha sala. Nikapanda juu ya kigoda, nikashika furushi. Kamla-bai akarudi. Njia ya kutokea ilikuwa moja, ngazi ya paani. Nikapanda. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Kabla sijapata pa kuteremkia nikasikia teksi uchochoroni. Nikadhani ni ya mtu mwingine. Ilikuwa ya Vasudha. Ameiwahisha, ifike saa nne. Ili asivuke kizingiti katika saa ya Rahu. Kwa sababu mimi nilimwambia.

Alisimama chini ya kibaraza cha Mangilal na vazi jipya la safari, Rukma kando yake analia waziwazi. Wakatafuta furushi. Kamla-bai alihangaika, akashusha vyombo vyote vya rafu. Halipo. Mangilal alikuwa amepauka, namjua, alidhani ni aibu yake. Vasudha akamwambia asijali, furushi ni furushi tu. Halafu akauliza, "Baba yangu hajapita hapa? Nimemtafuta nyumba nzima."

Kamla-bai akasema alikuwa hapa sasa hivi, poha yake hii hapa.

Wakaniita. Uchochoro mzima ukaniita. Nilikuwa juu yao, ningedondosha kokoto ingempata begani. Na nilikuwa na furushi kifuani. Ningeshukaje? Ningesema nini mbele ya Mangilal? Nikafikiri dakika moja tu, ajiondokee Mangilal, nishuke. Nikaendelea kufikiri.

Dereva akapiga honi. Vasudha akatazama saa. Akasema lazima atoke kabla ya nne na nusu, Baba ataudhika. Kisha akainama, akagusa miguu ya Mangilal, apate baraka ya mzee kabla ya safari. Miguu ya Mangilal. Na Mangilal, Mungu amlipe au amlaani sijui, akamwekea mkono kichwani na sauti yake ikakatika.

Nilishuka teksi ilipokwisha kupinda kona. Walilitazama furushi mkononi mwangu, kisha wakatazama pembeni. Afadhali wangenitukana.

Nyumbani nimelifungua. Mchele, manjano, popoo, sarafu. Na sweta la sufu la Sulochana, la kijani, ambalo nilidhani limeliwa na nondo zamani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Diwali. Rukma aliwasha taa za udongo, mimi nilishika kibiriti. Mangilal alituma sahani ya vitamu. Sikuila. Nilikula kidogo.

Vasudha amepiga simu jioni. Sauti yake kama iko chumba cha pili. Amefika salama, amekula mkate, baridi inaingia mifupani. Hakuuliza nilikuwa wapi siku ile. Akasema Shangazi amemwambia furushi limepatikana, na je, naweza kumtumia sweta la Mama? Nilitaka kusema kesho asubuhi niko posta. Lakini sheria ni sheria: furushi liko ndani ya nyumba hii, na maadamu liko hapa, mbele ya nyota hajaondoka. Nikamwambia sweta lisubiri, nyota hazijakaa sawa. Akasema, "Sawa, Baba."

Nikamsikia akipenga kamasi. Akasema nimwangalizie katika ramani yake, nisimfiche, atarudi lini.

Nilishika ramani mkononi. Naijua kwa moyo. Mwezi ule, na Zohali inavyotembea, ni miaka. Miaka mingi. Nikamwambia Machi.

Alicheka, kisha akalia, kisha akasema atavumilia mpaka Machi, Machi si mbali. Akaniamini palepale.

Sasa kinachobaki ni kuifanya Machi itimie. Nimekwisha kupanga. Lazima pawe na sababu ya kumrudisha, na sababu nzuri kuliko zote ni baba mgonjwa. Lakini ugonjwa usije ghafla, atashtuka, na anajua unesi, ataniuliza maswali. Kwa hiyo nitaanza mapema. Akipiga simu Jumapili, nitakohoa kidogo.