Malalamiko Dhidi ya Tambi Zilizoiva kwa Wakati

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mapishi,

Natumaini barua hii itakukuta umekwisha kula, maana ina mambo yasiyofaa kusomwa na njaa. Mimi ni msomaji wako. Gazeti silinunui mimi, hulinunua jirani yangu fundi cherehani. Akishakata picha za mitindo ya nguo huniletea yaliyobaki, na katika yaliyobaki ukurasa wako umo. Shule niliishia njiani, kwa hiyo ukikuta nukta imekaa mahali pasipo pake, naomba uisogeze tu.

Nalalamika kuhusu chakula mlichokiita "Tambi za Kiasia na Nyama ya Kusaga, Tayari kwa Dakika Ishirini". Na bara la Asia sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wewe.

Kwanza nikueleze hali ya nyumba. Nina mtoto mmoja, wa kiume, wa miaka mitatu. Ni mtoto mzuri, anaimba, anacheka na kila mtu, lakini kula kwake ni kesi. Tonge la asubuhi hulitunza shavuni. Nitafua, nitaanika, nitarudi, nitalikuta lipo palepale. Mama mkwe wangu alipomwona mara ya mwisho alisema, "Huyu si mtoto, hiki ni kijiti," na jina likamganda. Halafu siku moja akampigia simu mume wangu: "Jumapili nakuja. Nikimkuta bado mkavu naondoka naye, akae kwangu mpaka apate mashavu." Mume wangu ni fundi wa majokofu, anafungua mashine yoyote duniani bila kutetemeka. Alijibu, "Sawa, mama."

Nilikaa na ukurasa wako mapajani, Kijiti amelala juu yake, nikauvuta taratibu kutoka chini ya kichwa chake, nikasema, mwanangu haendi popote, nitapika hiki. Kumbe. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Chakula kiliiva kwa wakati mliosema.

Ndugu Mhariri, tangu nianze kukusoma sijawahi kupika kitu chako kikaisha kwa muda ulioandikwa. Keki yako ya nusu saa ilikula alasiri nzima, na katikati bado ilikuwa uji. Maharage yako ya saa moja tulikuja kuyala na chai ya kesho yake. Sikulalamika. Tulikuwa tumeshazoeana hivyo, wewe unasema, mimi nazidisha. Kwa hiyo Jumapili nilianza kupika mama mkwe alipopiga simu kwamba basi lake linaondoka, nikijua atakapofika atanikuta katikati ya moshi, mwiko mkononi, kama mke wa mtu.

Nikakaanga nyama kwa moto mkali bila kuigusa, kama ulivyoagiza. Nikatia kitunguu saumu na tangawizi, nikamwaga sosi ya soya na sukari kidogo, tambi zikaingia, majani ya kitunguu juu, basi. Dakika ishirini. Kikaiva! Mama mkwe yuko njiani hata nusu ya safari hajafika. Nikakaa mikono mapajani, natazama tambi zinavyokunywa mchuzi wote na kuvimba, mpaka mfuniko ukaanza kuinuka wenyewe.

Mtu akizoea kudanganywa, usimwambie ukweli ghafla namna hiyo. Ni kumkosea.

2. Chakula chenu hakitoi jasho.

Hili hukulijua, nakusamehe nusu. Katika ukoo wa mume wangu chakula hakionjwi kabla mpishi hajaguswa shingo. Mgeni mkubwa akiingia jikoni huweka kiganja nyuma ya shingo ya mpishi. Ikiwa na jasho, atasema "Tumekaribia," na watu watanawa. Ikiwa kavu, watu hutazamana. Mimi niliolewa nikiwa na shingo kavu kwa asili, na mpaka leo nalipia.

Nilipomsikia mlangoni, nami nimekaa saa nzima penye upepo wa dirisha, nikachota maji ya ndoo nikajimwagia shingoni. Akaingia, akaweka kiganja, akakitoa upesi. "Jasho gani hili la baridi? We binti, unaumwa?"

Akamgeukia mume wangu. "Mama ana jasho la baridi, mtoto kijiti, nyumba moja. Sasa mlikuwa mnangoja nini kuniambia? Mtoto nguo zake ziko wapi?"

Unaona, Ndugu Mhariri, chakula chako kilivyonifikisha? Nilikuwa nimeitwa mvivu tu. Katika mikono yako nikawa mgonjwa, na mwanangu anafungiwa mzigo.

3. Nililazimika kukipika mara ya pili, na mara ya pili kiliharakisha zaidi.

Nilikiri kwamba yale ni maji. Badala ya kunisaidia, ukweli ule ukazaa swali jipya: "Basi hizi tambi kapika nani? Yule fundi cherehani?" Fundi cherehani, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa ajili ya kutuombea mema, akasema, "Mama, mimi hata chai naunguza," na ni kweli, lakini hakuna aliyemuuliza.

Ikabidi nipike mbele yake. Mume wangu akatimuliwa mpaka buchani. Mwenye bucha alikuwa ameshaosha mashine yake ya kusagia, akaapa hasagi tena. Mume wangu akamkumbusha ni nani hulitengeneza jokofu lake, nyama ikasagwa.

Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa, akavua viatu, akajinyoosha kama mtu anayejua kwamba jikoni ni safari. Akaanza kunisimulia makosa ya mke wa shemeji yangu mkubwa. Kila akiona nyama imetulia kwenye moto mkono wake unaukimbilia mwiko, nami namwambia, "Mama, gazeti limesema isiguswe," naye anarudisha mkono, kwa sababu mama mkwe ni mtu wa kuamini maandishi. Kwake yeye kilichopigwa chapa kimekwisha pigwa chapa. Hajafika hata kosa la pili la yule mwanamke, nikasema, "Karibu mezani, Mama." Akanitazama kama nimemkata mkia wa sentensi. Na nimemkata. Chakula chako hakina nafasi ya mazungumzo. Watu tutasemana saa ngapi?

4. Tambi zenyewe ni ndefu kupita kiasi.

Uliandika, "msizikate." Sikuzikata. Mama mkwe akauliza kitu kirefu hivi kinaliwa kutoka upande gani. Hakuna aliyejua. Akasimama, akazishika chache kwa vidole, akainua mkono juu kabisa ili aone mwisho wake. Kijiti alikuwa chini yake. Akafungua mdomo.

Mama mkwe akazishusha polepole, kama ndege anayelisha kinda. Kijiti akavuta. Akavuta tena. Mchuzi ukamrukia puani, akacheka, na nyama mbili tatu zilizokuwa zimeng'ang'ania tambi zikaingia pamoja nazo. Mimi nikasubiri shavu livimbe kama kawaida. Halikuvimba. Akameza, Ndugu Mhariri. Nililisikia koo lake. Nimekaa na yule mtoto miaka mitatu, naijua kila sauti yake, ile sikuwa nimewahi kuisikia mezani. Akafungua mdomo tena akasema, "Bibi, mvua ingine."

Akala sahani yake. Akala nusu ya yangu. Bibi yake alikula tatu na hakutazama shingo ya mtu.

Unaweza kuuliza hapa malalamiko yako wapi. Subiri.

5. Mama mkwe hajaondoka.

Alipomaliza sahani ya tatu akajifuta, akasema, "Mtoto haendi popote." Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa tayari nimeinua mikono. Akaendelea: "Nitabaki mimi."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilimpa mwiko, nikitumaini atachoka. Akaupenda. Sasa tunakula tambi za Kiasia asubuhi, mchana na jioni. Mwenye bucha akimwona mume wangu anaiwasha mashine bila kuulizwa. Fundi cherehani anapiga hodi sahani ikiwa imeshatangulia mkononi. Na kwa sababu chakula huisha upesi, mama mkwe anabaki na siku nzima ya kunirekebisha. Amehamisha kabati. Amefundisha mapazia kukaa vizuri. Makosa ya mke wa shemeji tumeyamaliza yote, ametafuta mtu mwingine, na mtu huyo yumo humu ndani.

Lakini hayo ningeyavumilia. Lisilovumilika ni hili. Mwanangu haniiti tena. Akiamka, "Bibi." Akianguka, "Bibi." Jana nilinyanyua tambi mimi, juu kabisa, nikasimama hata kwenye kigoda. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe mvua yako ndogo." Godoro lake amelivuta kwa mikono yake mwenyewe mpaka chumba cha bibi yake. Nilipigana asiende mbali kwa bibi yake. Sasa yuko nyuma ya ukuta, nasikia wakicheka, na naona ni mbali vilevile.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba utoe masahihisho. Kwa vile mama mkwe huamini maandishi, na ukurasa wako sasa anausoma kila siku kama tangazo la serikali, nimekuandalia maneno ili usihangaike:

"Tunasikitika kwamba kulitokea kosa. Tambi za Kiasia na nyama ya kusaga hazipikwi kwa dakika ishirini, bali tangu asubuhi mpaka jua liegemee magharibi. Wataalamu wameona pia kwamba chakula hiki hakitulii tumboni kikiliwa na bibi, mama na mjukuu chini ya paa moja zaidi ya mara moja kwa mwezi. Bibi anashauriwa akipikie kwake, ambako hewa inakifaa. Mjukuu alishwe na mama yake, hata kama mvua yake ni ndogo, itakua."

Ukiona sentensi ya mwisho haifai kuwa gazetini, iache hivyohivyo.

Nisalimie wote hapo ofisini, anayepanga herufi, anayepiga picha za vyakula (mwambie sahani zake ni safi mno, atuonyeshe na sufuria), na aliyezijaribu hizo tambi kabla yetu. Kama naye ana mama mkwe, nampa pole.

Ni mimi msomaji wako mwenye shingo kavu,

Mama Kijiti

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha mama mkwe aliposimama mlangoni na mfuko wake umefungwa. Amesema kesho anarudi kwake, mtoto ameshapata mashavu, kazi iliyomleta imekwisha. Halafu akaja nyuma yangu, akaweka kiganja shingoni. Nikajikaza. Akasema, "Kavu. Afadhali. Pumzika, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo. Siku zote nimekuwa mke wa mwanawe.

Kijiti, ambaye bibi yake sasa anamwita Gogo, alikuja kunikalia mapajani akalia, "Mama, mwambie." Mimi. Ameniambia mimi.

Nimemwambia. Nimemwomba abaki kidogo. Amesema hana sababu, chakula tumeshakijua.

Basi Ndugu Mhariri, yale masahihisho usiyachape. Badala yake andika kwamba tambi hizi ni ngumu sana kuliko zinavyoonekana, kwamba kuna namna ya kuinua mkono ambayo mama kijana hawezi kujifunza kwa siku chache, na kwamba mwalimu wake haruhusiwi kupanda basi kabla mwezi haujaisha. Fundi cherehani anakuletea barua hii sasa hivi kwa mkono, na ameahidi kesho kulileta gazeti asubuhi na mapema, bila kukata kitu. Naomba herufi ziwe kubwa. Miwani ya mama mkwe haipo tena, Gogo ameikalia, na kwa uzito alionao sasa haikubaki kitu.